Masinde Muliro: Miezi michache katika Wizara ya Ujenzi na somo kuhusu barabara zetu

KWA vijana wengi wa Bungoma na Kitale, Masinde Muliro ni jina la mahali. Ni uwanja wa michezo ulioko Kanduyi, na ni chuo kikuu kilichoko Kakamega. Wakongwe humkumbuka kama mmoja wa viongozi waliopigania kurejeshwa kwa siasa za vyama vingi, na wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba ni miongoni mwa watu waliofaa kuwa marais wa nchi hii lakini hawakujaliwa.

Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwanasiasa huyo aliwahi kuwa Waziri wa Ujenzi, mwenye dhamana ya barabara za Kenya nzima. Aliishika wizara hiyo kwa kipindi kisichotimia mwaka mmoja. Hakuondolewa kwa sababu ya barabara iliyoharibika wala kandarasi iliyokwenda mrama. Aliondolewa kwa sababu ya kura aliyoipiga Bungeni kuhusu jambo lisilohusiana hata chembe na lami wala changarawe.

Kisa hicho kinastahili kusimuliwa upya. Kila mradi wa barabara au reli unapokwama, lawama huelekezwa kwa mwanakandarasi, kwa Hazina Kuu au kwa mvua. Maisha ya Muliro, kuanzia Kimilili alikozaliwa hadi uwanja wa ndege wa Nairobi alikokata roho, yanaonyesha sababu nyingine ambayo hutajwa kwa nadra: miradi yetu mingi huegemezwa kwa mtu badala ya kuegemezwa kwa utaratibu.

Reli mbili zisizokutana

Henry Pius Masinde Muliro alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Matili, Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Alifiwa na wazazi akiwa mdogo na kulelewa na ndugu yake mkubwa wa kambo.

Utoto wake ulikwenda sambamba na ujio wa reli katika eneo hilo. Reli kutoka Nakuru ilifika Eldoret mwaka 1924. Kutoka hapo njia kuu iliteremka kupitia Turbo na Broderick Falls, mji unaojulikana sasa kama Webuye, ikapita Bungoma na kuvuka mpaka kuingia Uganda. Kufikia mwaka 1931 treni zilikuwa zimefika Kampala. Mji wa Bungoma ulikua ukiizunguka stesheni.

Kitale nayo ilipata reli yake mwaka 1926, lakini hiyo ilikuwa tawi lililochipuka kutoka Leseru, kati ya Eldoret na Turbo. Lilijengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu wa Trans Nzoia, waliohitaji kusafirisha mahindi yao hadi bandarini Mombasa.

Hivyo Bungoma na Kitale, miji miwili jirani, ilipata reli katika muongo mmoja bila reli hizo kuiunganisha. Abiria wa Bungoma aliyetaka kufika Kitale kwa treni alilazimika kupanda hadi Leseru ndipo ageuke kuelekea kaskazini. Mkulima wa Kimilili alitegemea barabara ya udongo, ambayo wakati wa masika iligeuka tope.

Reli ile ilijengwa kwa kasi ambayo wengi wetu tungeionea wivu leo. Kabla yake, kipande cha kwanza kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria kilianza mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901. Lakini kasi hiyo ilikuwa ya utawala uliojiamulia wenyewe njia ipite wapi na imfae nani, bila kumuuliza mwenyeji. Waliohitaji barabara kati ya Bungoma na Kitale hawakuwa na kiti mahali maamuzi yalipofanywa, na Muliro alikuja kuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza kukipata.

Kutoka ualimu hadi siasa

Muliro alisoma katika shule za Kikatoliki nchini Kenya na Uganda. Mwaka 1949 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, wakati serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikiimarisha sera za ubaguzi wa rangi. Alihitimu katika fani za sanaa na elimu, akaoa huko huko, na kurejea nyumbani mwaka 1954 pamoja na mkewe.

Alifundisha kwa muda, kisha mwaka 1957 akaacha ualimu na kujitosa katika siasa. Mwezi Machi mwaka huo Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Muliro alimbwaga W.W.W. Awori, mwanasiasa aliyekuwa na jina kubwa, na kuwakilisha Nyanza Kaskazini. Alikuwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa, pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi.

Mwaka 1960 chama cha Kadu kilipoundwa, Ngala alikuwa kiongozi na Muliro msaidizi wake. Kadu ilitetea mfumo wa majimbo kwa hofu kwamba jamii ndogo zingemezwa na serikali kuu yenye nguvu. Wengi hukumbuka mjadala huo kama vita vya kikabila. Hata hivyo, ndani yake mlikuwa na swali lenye uzito kwa mtu yeyote anayesubiri barabara: je, uamuzi wa kuitengeneza barabara ya Kimilili ufanywe Nairobi au ufanywe karibu na Kimilili?

Mipaka nayo ilizua utata. Muliro na viongozi wenzake wa Magharibi walitaka Kitale iwe upande wao. Tume ya mipaka ya mwaka 1962 iliiacha Trans Nzoia katika Bonde la Ufa huku Bungoma ikiwa Magharibi. Tangu hapo, msafiri anayetoka Webuye kupitia Misikhu na Kamukuywa kuelekea Kiminini na Kitale alivuka mpaka wa mikoa miwili, yenye wakuu wawili wa mikoa.

Majimbo hayakudumu. Mwishoni mwa mwaka 1964 Kadu ilijivunja na wabunge wake wakaingia Kanu. Mamlaka ya kujenga barabara yakarejea Nairobi yote. Kwa kuwa mamlaka yalikuwa huko, mtu wa Bungoma au Kitale aliyetaka barabara alihitaji mwenzake katika baraza la mawaziri.

Muliro aliingia humo. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1969 Rais Jomo Kenyatta alimteua kuwa Waziri wa Vyama vya Ushirika na Huduma za Jamii. Wizara hiyo ilimfaa mtu aliyetoka eneo la kahawa na mahindi, kwa kuwa ndiyo iliyosimamia vyama ambavyo wakulima waliuzia mazao yao.

Wizara ya Ujenzi

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1974, Muliro alihamishiwa Wizara ya Ujenzi.

Nyakati zilikuwa ngumu. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda ghafla kuanzia Oktoba 1973, na lami ni zao la mafuta. Mitambo ya kuchimba na kusawazisha barabara iliagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni, na ilitumia dizeli kwa wingi. Wakati huo huo maelfu ya vijana wa mashambani hawakuwa na ajira. Ripoti iliyoandaliwa mwaka 1972 na ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ilikuwa imeieleza serikali waziwazi ukubwa wa tatizo hilo.

Ni katika mazingira hayo ambapo mwaka 1974 wizara ilianzisha mpango wa barabara za kufikia mashamba. Muliro hakuubuni mpango huo. Alipoingia wizarani aliukuta ukiwa mchanga, na ni katika miezi yake ambapo ulikuwa ukijaribu kusimama kwa miguu yake.

Wazo lenyewe lilikuwa rahisi. Badala ya kungoja mitambo, barabara ndogo za vijijini zingejengwa kwa mikono ya wakazi wenyewe, wakitumia majembe, sururu, koleo na toroli. Trekta lenye tela lingehitajika kubeba changarawe tu. Njia nyingi zilifuata vijia ambavyo watu walikuwa wakivitumia tayari, hivyo wapimaji hawakulazimika kuanza na karatasi tupu.

Wafanyakazi waliajiriwa kutoka vijiji vilivyopakana na barabara husika. Kila mmoja alipewa kipande cha kazi cha siku, na alipokimaliza alikuwa huru kwenda kulima shamba lake. Utaratibu huo uliongeza kasi kuliko usimamizi wa kuwahesabu watu saa za kuingia na kutoka.

Ukarabati ulikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo. Barabara ilipokamilika, mkazi mmoja aliyeishi kando yake, aghalabu mtu aliyeshiriki kuijenga, alilipwa kwa siku chache kila mwezi ili azibue mitaro, afyeke nyasi na kuziba mashimo katika kipande chake cha kilomita moja au mbili. Mtaro uliozibuliwa Machi uliiokoa barabara Aprili.

Wahandisi wengi wa wakati huo waliutilia shaka. Waliona majembe kama kurudi nyuma katika taifa lililotaka kuonekana la kisasa. Wanasiasa nao hupenda barabara yenye lami na jiwe la ufunguzi kuliko njia ya changarawe inayoishia kwenye kituo cha kununulia kahawa. Mpango wa namna hiyo, ukiwa bado mchanga, ulihitaji waziri wa kuulinda. Waziri huyo hakukaa.

Kura ya Juni 1975

Machi 2, 1975, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, aliyejulikana na wengi kama J.M., aliuawa. Bunge liliunda kamati teule kuchunguza mauaji hayo. Mwenyekiti wake alikuwa Elijah Mwangale, Mbunge wa Bungoma Mashariki.

Ripoti ya kamati iliwasilishwa mwezi Juni na kuitikisa serikali. Upande wa serikali ulitaka Bunge liipokee tu bila kuiidhinisha. Wabunge walipogawanyika kupiga kura, Muliro alikuwa na njia mbili. Kama waziri, alifungwa na desturi ya kuiunga mkono serikali. Kama mbunge, alikuwa na ripoti mbele yake kuhusu mwenzake aliyeuawa.

Alipiga kura dhidi ya serikali, na serikali ikashindwa. Kenyatta alimfuta kazi bila kukawia, pamoja na mawaziri wasaidizi wawili, John Keen na Peter Kibisu, waliopiga kura kama yeye.

Wizara ya Ujenzi ilikabidhiwa Nathan Munoko, ambaye pia alitoka Bungoma. Kwa hesabu za siasa za Kenya, eneo lilikuwa halijapoteza kitu: kiti kilibaki kwa mtu wa nyumbani. Mwananchi wa kawaida aliachiwa ujumbe mwingine, kwamba waziri angeweza kuondoka kati ya asubuhi na jioni, na chochote alichokuwa amekiahidi kuhusu daraja au barabara kikaondoka naye.

Muliro alijua gharama ya kura yake. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50, na tayari alikuwa amewahi kuonja upinzani na serikali pia. Hakuna aliyeweza kusema hakufahamu kitakachofuata. Alichagua dhamiri, na maeneo ya Kitale na Bungoma yakapoteza sauti moja mezani.

Kazi iliyoendelea bila yeye

Lakini yapo yaliyoendelea. Mpango ule wa barabara za mashambani haukufa Muliro alipoondoka. Ulisambaa katika wilaya nyingi za kilimo, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 ulikuwa umejenga takriban kilomita 8,000 za barabara. Mwaka 1986 uliingizwa katika mpango mpya wa barabara ndogo, na nchi nyingine za Afrika zikatuma maafisa wao kuja kujifunza Kenya.

Kwa nini ulinusurika? Kwa sababu haukusubiri saini ya waziri kwa kila hatua. Maamuzi ya kila siku yalifanywa na msimamizi aliyekuwa barabarani. Vifaa vilikuwa vya bei nafuu na vilipatikana nchini. Mkazi alikuwa na ujira ndani yake, na baadaye alikuwa na barabara ya kulinda. Kubadilishwa kwa bwana mkubwa jijini hakukusimamisha jembe la Kimilili.

Linganisha na barabara kubwa zilizotegemea uhusiano wa wakuu. Barabara ya lami kutoka Kitale kuelekea Lodwar ilijengwa kwa msaada wa Norway katika miaka ya 1980. Oktoba 1990 serikali ya Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norway kufuatia mzozo juu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, na misaada ikakatika. Lami ile ilichakaa mwaka baada ya mwaka hadi madereva wa malori wakaona heri kuendesha mchangani kando yake.

Tawi la reli la Kitale nalo, lililojengwa kwa ajili ya walowezi, lilikosa mtetezi baada ya walowezi kuondoka. Kwa miaka mingi lilisalia bila treni ya abiria, huku magari ya uchukuzi yakibeba mzigo wote.

Siku za mwisho

Muliro hakuiacha siasa. Agosti 1991 alikuwa mmoja wa viongozi sita walioanzisha vuguvugu la Ford, pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, Martin Shikuku, Philip Gachoka, Ahmed Bamahriz na George Nthenge. Walikamatwa mwezi Novemba kuhusiana na mkutano uliopigwa marufuku wa Kamukunji jijini Nairobi. Desemba mwaka huo kifungu cha Katiba kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kiliondolewa.

Ford ilipoanza kuvutana kati ya wafuasi wa Odinga na wale wa Kenneth Matiba, wengi walimtazama Muliro kama mpatanishi. Hakupewa muda. Agosti 14, 1992, alianguka na kufariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi alipowasili kutoka London. Alikuwa na umri wa miaka 70. Ford iligawanyika, na uchaguzi wa Desemba mwaka huo ukaikuta ikiwa vipande viwili.

Hata hapo tunaona jambo lile lile. Umoja wa chama ulikuwa umewekwa mabegani mwa mzee mmoja, na mzee alipoondoka hapakuwa na utaratibu wa kuushikilia.

Yaliyobadilika na yaliyosalia

Tangu wakati huo Kenya imejaribu kuziondoa barabara mikononi mwa mtu mmoja. Ushuru wa mafuta wa kukarabati barabara ulianzishwa mwaka 1993, na sheria ya mwaka 1999 ikaunda bodi ya kuusimamia. Mwaka 2007 sheria nyingine ilizaa mamlaka tatu: ya barabara kuu, ya barabara za mijini na ya barabara za mashambani. Katiba ya mwaka 2010 ilileta ugatuzi, na kwa namna fulani swali la Kadu la mwaka 1960 likapata jibu lake.

Mambo mengine yalisonga. Mwaka 2017 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya Kapchorwa, Suam na Kitale, pamoja na ile ya kuuzunguka mji wa Eldoret. Kipande cha Kenya kutoka Suam kupitia Endebess hadi Kitale kina urefu wa kilomita 45.

Lakini ugatuzi haukuwa dawa ya kila maradhi. Barabara pana ya Musikoma hadi Kanduyi mjini Bungoma, mradi wa serikali ya kaunti wenye urefu wa kilomita chache tu, ilichukua miaka kadhaa huku wafanyabiashara wakivumilia vumbi na mitaro iliyoachwa wazi.

Na Juni 1, 2024, sherehe za Madaraka zilipofanyika Bungoma, kazi katika Uwanja wa Masinde Muliro ziliharakishwa ili kuiwahi tarehe. Kumbe inawezekana. Pakiwa na siku ambayo haiwezi kuahirishwa, fedha hupatikana, maafisa hufika kazini na mwanakandarasi hulipwa. Ila kasi ya aina hiyo ni ya ugeni. Mgeni akiondoka, nayo huondoka.

Kasi ambayo msafiri wa Kiminini anaihitaji ni ya aina nyingine. Inaanzia kabla ya tingatinga kufika: ardhi iwe imepimwa na wenye mashamba wamelipwa, nguzo za umeme na mabomba ya maji yamehamishwa, na fedha za mwaka wa pili zimetengwa mwaka wa kwanza ungali unaendelea. Mwanakandarasi asiyelipwa hupeleka mitambo yake kwingine, na kuirudisha ni gharama juu ya gharama. Mradi unaoanza kwa shangwe kabla ya hayo kukamilika huwa umechelewa tayari siku ya kuzinduliwa.

Aidha, apewe mamlaka yule aliye karibu na kazi, awe na hesabu za kuonyesha kwa umma, na ukarabati upangiwe fedha siku ile ile ujenzi unapopangiwa. Ndivyo mpango wa majembe wa mwaka 1974 ulivyofanya kwa vifaa duni kuliko tulivyo navyo sasa.

Wapo wanaosema kwamba Muliro angebaki wizarani kama angenyamaza siku ile ya Juni 1975, na kwamba huenda Magharibi ingepata lami zaidi. Hoja hiyo ina mvuto kwa mtu aliyekwama matopeni. Lakini barabara inayopatikana kwa sharti kwamba mbunge anyamaze kuhusu mauaji ni deni ambalo wananchi hulilipa baadaye kwa njia nyingine. Kosa halikuwa la aliyepiga kura. Kosa lilikuwa la mpangilio uliofanya barabara ya mkulima wa Kimilili itegemee kura hiyo.

Taifa limempa Muliro uwanja na chuo kikuu, na ni heshima anayoistahili. Kwa watu wa Kitale na Bungoma, heshima kubwa zaidi ingekuwa kuona miradi ya barabara na reli ikiendelea kwa mwendo ule ule, awe nani waziri na apige kura vipi.